Masuali na Majawabu: Kwa nini panga la ndege hupinda ndani ya picha ya simu?

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia jambo moja, ijapokuwa kila aliyeandika alidhani shida ni yake peke yake. Tumeona bora kuzijibu pamoja, na aliyeuliza la kwanza atavumilia jawabu refu, kwa sababu mengine yote yamesimama juu yake. Majina ya waandishi tumeyaacha, tumetaja pahala tu barua ilipotoka.

SUALI (Chake Chake, Pemba)

Mhariri, assalaam aleikum. Nilimsindikiza shangazi yangu anayekwenda Unguja kwa ndege ndogo yenye rafadha moja mbele, nami nikaipiga picha kwa simu wakati injini imeshawashwa. Niliporudi nyumbani nikaitazama vizuri, nikastaajabu. Mapanga ya rafadha yamepinda kama majambia. Upande mmoja ni mengi na membamba, na upande wa pili kuna kipande kimoja kipana kinachoelea hewani, hakikushikana na ndege. Mjomba anasema simu yangu ni ya bandia. Mdogo wangu anasema niongeze kasi ya shata. Nani kati yao amesema kweli?

JAWABU

Waalaikumu salaam. Hakuna aliyepata. Simu yako ni nzima, na ungeichukua simu ya bei mara tano ya hiyo ukasimama pale pale, panga lingepinda vile vile au karibu na hivyo. Ushauri wa mdogo wako una ubaya zaidi, kwa sababu unaonekana una maana na kwa hakika hausaidii. Tutaufikia.

Sote tunapotazama picha tunachukulia kwamba kila kilichomo kilinaswa kwa wakati mmoja: juu ya picha na chini yake, kulia na kushoto, vyote pamoja. Kwa picha ya simu dhana hiyo si sahihi. Ndani ya simu, nyuma ya lenzi, kuna kihisi cha mwanga, bapa dogo lenye mamilioni ya vitundu vinavyoitwa pikseli. Kihisi cha picha ya megapikseli 12 huwa na mistari 3,000 hivi, na kila mstari una pikseli 4,000. Mistari hiyo haisomwi kwa pamoja. Husomwa mmoja baada ya mwengine, tangu ukingo mmoja wa kihisi hadi wa pili, na kazi hiyo katika simu nyingi humalizika kwa kiasi cha milisekunde 10 hadi 30. Tuchukue 20, yaani sehemu moja ya 50 ya sekunde. Kwa mlima, kwa mnazi usiovumiwa na upepo, kwa bibi aliyeketi barazani, muda huo si kitu. Kwa rafadha ni umri mzima.

Piga hesabu. Ndege aina ya Cessna Caravan, ambazo ni katika hizi ndogo zinazokwenda na kurudi baina ya Unguja na Pemba, ina rafadha ya mapanga matatu inayoweza kuzunguka hadi mara 1,900 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko takriban 32 kwa kila sekunde moja. Katika milisekunde 20 ambazo simu inazitumia kusoma mistari yake, kila panga limeshapita karibu theluthi mbili za duara. Mstari wa juu wa picha yako ulilikuta panga pahala pamoja, mstari wa katikati ukalikuta pengine kabisa, na wa chini ukalikuta limeshafika upande wa pili. Simu ikaiunganisha mistari hiyo kwa uaminifu, kama ilivyoagizwa, na matokeo yake ni umbo ambalo halikuwahi kuwepo duniani hata kwa nukta moja, ingawa kila mstari wake peke yake ni wa kweli.

Ukitaka kulishika jambo hili kwa mkono, nenda duka la steshenari lenye mashine ya fotokopi, weka karatasi yenye maandishi makubwa, na mwanga unapopita chini ya kioo uivute karatasi pole pole kuelekea upande. Herufi zitatoka zimelala. Ukiivuta kufuata njia ya mwanga zitarefuka kama mpira, na ukiivuta kinyume chake zitabanana. Karatasi haikupinda, wino haukumwagika, na mashine haina hitilafu. Ni kwamba mwanga ulikuwa unasafiri na karatasi nayo inasafiri. (Muombe ruhusa mwenye duka kwanza, na ulipie nakala.)

Sasa kwa nini upande mmoja mapanga ni mengi na membamba, na upande wa pili ni machache na mapana? Mfikirie mwalimu anayehesabu watoto darasani, safu kwa safu, kuanzia mbele kwenda nyuma, huku watoto wanakimbia. Mtoto anayekimbia sambamba na kidole cha mwalimu ataandikwa katika kila safu, mmoja huyo huyo, akaonekana kama mstari mrefu wa watoto. Wanaokimbia kukielekea kidole, kila mmoja ataandikwa mara moja tu na kwa haraka, lakini wengi zaidi watakuwa wamekutana nacho. Rafadha ni hivyo hivyo. Ikiwa kihisi kinasoma kutoka juu kwenda chini, upande ambao mapanga yanateremka ndio upande wa panga pana, lililonyooshwa na kupinda, na pengine likakatika na kuelea. Upande ambao yanapanda, yatakuwa membamba na mengi kuliko idadi yake halisi. Itazame tena picha yako kwa jicho hilo, na kama unakumbuka rafadha ilikuwa inazunguka upande gani, utaweza kusema simu yako inasoma kutoka wapi kwenda wapi.

Nirudi kwa mdogo wako. Kasi ya shata inaamua kila mstari ukusanye mwanga kwa muda gani. Ukiweka sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, kila mstari utakusanya mwanga kwa milisekunde moja tu, na ukungu wa panga utapungua sana. Lakini mstari wa mwisho bado utaanza kazi yake milisekunde 20 baada ya wa kwanza. Muda wa kukusanya umepungua, muda wa kupokezana haukupungua. Kwa hivyo ukungu na kupinda ni maradhi mawili, na dawa ya moja haigusi la pili. Tena ningesema inalidhihirisha: shata ya polepole ingeliyeyusha panga likawa duara la ukungu usione kilichopinda, na shata ya kasi inakuonyesha jambia lenye makali yake yote. Wengi waliotuandikia wamepotezwa na hapa, na mimi mwenyewe niliwahi kumshauri mtu hivyo hivyo miaka kadhaa nyuma, kwa kujiamini kabisa.

Utauliza, watengenezaji wanashindwa nini kuvisoma vitundu vyote mara moja? Vihisi vya simu ni vya aina ya CMOS, ambavyo kwa muundo wake wa kawaida vina kifaa kimoja cha kugeuza umeme kuwa tarakimu kwa kila safu wima ya pikseli. Pikseli 3,000 za safu moja zinapanga foleni mbele ya mlango mmoja. Kamera nyingi ndogo za zamani zilitumia kihisi cha aina ya CCD, teknolojia iliyobuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith katika maabara ya Bell nchini Marekani, na iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009. Katika CCD nyingi za kamera hizo, pikseli zote humwaga shehena yake kwa wakati mmoja kwenye mifereji iliyofunikwa isipate mwanga, kisha ndiyo shehena hiyo ikasomwa kwa taratibu. Lakini CCD inakula umeme zaidi na ni ghali zaidi, ndiyo CMOS ikashinda, hasa baada ya kazi ya Eric Fossum na wenzake katika maabara ya NASA kwenye miaka ya 1990. Tulipata simu zenye kamera ndogo, rahisi, zisizomaliza betri, na majambia tukapewa juu yake.

SUALI (Wete, Pemba)

Mimi ni mpiga picha wa harusi na shughuli. Nina kamera kubwa, si simu. Nilipiga picha kirumbizi, na fimbo za wachezaji zimetoka zimejikunja kama upinde. Mwezi mmoja kabla, kwa kamera hiyo hiyo, zilitoka zimenyooka. Kamera imeharibika?

JAWABU

Nitabahatisha jambo moja kabla sijaeleza: baina ya shughuli hizo mbili ulipiga picha nikahi msikitini, na ukaiweka kamera katika hali ya kimya ili isipige kelele wakati wa khutba.

Kamera yako ina njia mbili za kupiga picha. Ya kwanza ni pazia la chuma linalopita mbele ya kihisi, lile linalolia. Pazia hilo nalo halifunui kihisi chote mara moja, isipokuwa linakimbia mno: linavuka kutoka ukingo hadi ukingo kwa milisekunde tatu au nne. Ya pili ni hali ya kimya, ambapo pazia linabaki wazi na kazi yote anaachiwa msomaji wa mistari, na huyo, kwa kutegemea kamera, anaweza kuchukua milisekunde 15 hadi 60. Chukua ncha ya fimbo inayokwenda mita 10 kwa sekunde. Katika milisekunde nne itasogea sentimita 4, hutaona kitu. Katika milisekunde 40 itasogea sentimita 40, na hapo fimbo ya mti mkavu inageuka upinde. Irejeshe kamera kwenye shata ya pazia kila utokapo msikitini, na liandike hilo kwenye mfuko wa kamera kama unasahau.

Kuna jengine linalohusiana nawe. Ukiwasha fleshi katika hali ya kimya, ama kamera itakataa, ama utapata mkanda mmoja tu wenye mwanga na picha iliyobaki kiza. Fleshi inamulika kwa muda mfupi sana, na mistari iliyokuwa haimo kazini wakati huo haikuuona mwanga wake. Ndiyo sababu hata ukitumia pazia, kamera inakuwekea mpaka wa sehemu moja ya 200 au ya 250 ya sekunde kwa fleshi: zaidi ya hapo, hakuna wakati ambao kihisi chote kiko wazi kwa pamoja.

SUALI (Michenzani, Unguja)

Nikiwa ndani ya daladala ya Fumba nilipiga picha dirishani, na nguzo zote za umeme zimelala kuelekea tunakokwenda. Rafiki yangu alipiga upande huo huo, nguzo zake zimelala kuelekea tulikotoka! Tena picha zangu nyengine, nguzo hazikulala kabisa, ila gari tulizokuwa tukipishana nazo zimetoka fupi kama zimebanwa. Tumebishana mpaka tumefika.

JAWABU

Hili ndilo suali zuri kuliko yote ya mwezi huu, kwa sababu limejipa nusu ya jawabu.

Daladala inayokwenda kilomita 60 kwa saa inakata karibu mita 17 kwa sekunde. Katika milisekunde 20 imesogea sentimita 33. Simu yako ilisoma kichwa cha nguzo kwanza, ikakikuta mbele kidogo. Ilipofika kwenye tako la nguzo, gari ilikuwa imeshakwenda na nguzo imerudi nyuma kwa sentimita hizo 33. Kichwa mbele, tako nyuma, basi nguzo imelala kuelekea uendako. Rafiki yako yeye aliilaza simu kinyume na yako, kichwa cha simu yako kikiwa kushoto, chake kulia. Simu huigeuza picha ili anga liwe juu, nawe hujui kama kihisi kimeangalia chini. Kwake tako la nguzo ndilo lililosomwa mwanzo na kichwa kikaja mwisho. Nendeni tena, mpige pamoja, kisha mgeuze simu, mtaona nguzo nazo zinageuka.

Na zile gari fupi, hizo ulizipiga simu ikiwa imesimama wima. Mistari ya kihisi imelazwa sambamba na ubavu mrefu wa picha, kwa hivyo simu ikisimama, mistari nayo imesimama, na usomaji unakwenda ubavuni: kushoto kwenda kulia au kinyume chake. Gari inayokuja kukabili usomaji inabanwa, na inayokwenda sambamba na usomaji inarefushwa. Daladala ya kawaida inaweza kutoka ndefu kidogo kuliko ilivyo kwa njia hiyo. Nguzo zenyewe hazikulala kwa sababu nguzo nyembamba imemalizika ndani ya mistari michache.

SUALI (Mwanakwerekwe, Unguja)

Video zangu za ukumbini zina mistari myeusi inayotambaa. Macho yangu hayaioni pale ukumbini. Ni jambo hilo hilo?

JAWABU

Ndilo, ila hapa kinachokwenda mbio ni mwanga wenyewe. Umeme wa kwetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei nafuu, pamoja na zile ndefu za tyubu za zamani, hufifia na kung'aa mara mbili katika kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Jicho halihisi. Kihisi kinahisi, kwa sababu mistari iliyosomwa taa inapofifia inatoka na kiza, na iliyosomwa taa inapong'aa inatoka na nuru. Weka kasi ya shata kwenye sehemu moja ya 50 au ya 100 ya sekunde, kila mstari utakunywa mwanga wa mfifio mzima bila kubakisha nusu, na milia itatoweka. Simu nyingi zina pahala pa kuchagua 50 au 60, na simu iliyonunuliwa nje huenda ikawa imewekewa 60, ambayo ni ya Marekani na baadhi ya nchi nyengine. Taa za rangi za jukwaani usizihesabu humu, hizo zina mapigo yake.

Milia hiyo hiyo mnaweza kuitumia kama saa. Isogeze simu karibu mno na taa ya aina hiyo, mpaka mwanga ujae kioo chote na kamera ilazimike kupunguza muda wa kukusanya, kisha piga picha na uhesabu milia myeusi. Kila mlia pamoja na nafasi yake ni milisekunde 10. Ukihesabu miwili, simu yako inasoma kwa 20. Ukihesabu mmoja na nusu, ni 15. Na vile milia ilivyolala inakuambia mistari ya kihisi imelala vipi. Usitumie taa inayokwenda moja kwa moja kwa betri ya sola, hiyo mara nyingi haifumbi wala haifumbui.

SUALI (Mji Mkongwe, Unguja)

Mimi ni mtu wa zamani, nimepiga picha kwa filamu tangu ujanani. Haya mambo hayakuwepo. Digitali imeharibu kazi.

JAWABU

Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, yalikuwepo, na tena mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 kijana wa Kifaransa aliyezaliwa mwaka 1894, Jacques Henri Lartigue, aliipiga picha gari katika mbio za Grand Prix za Ufaransa. Gurudumu lake limetoka kama yai lililoinamia mbele, na watazamaji pembeni wameinama kurudi nyuma, kama wanaosukumwa na upepo. Kamera yake ilikuwa na pazia lenye mwanya uliopita mbele ya bamba la picha, na kwa vile sura ndani ya kamera huwa juu chini, sehemu ya chini ya gari iliandikwa kwanza na ya juu baadaye, wakati gari imeshasonga. Watazamaji wakalala kinyume kwa sababu alikuwa anaizungusha kamera kuifuata gari, na hakuifuata kwa kasi yake kamili. Picha hiyo leo ni katika zinazojulikana mno duniani za mwendo, na wachora katuni nao wamezoea kuyainamisha magurudumu ili gari ionekane inakimbia.

Kama kamera yako ya ujanani ilikuwa na shata ya vijani ndani ya lenzi, ile inayofunguka kutoka katikati kama jicho, basi una haki ya kusema hukuyaona. Hiyo huimulika filamu yote kwa wakati mmoja.

SUALI (Mkoani, Pemba)

Nikirikodi ndani ya boti ya faiba yenye mashine ya nyuma, video nzima inatikisika kama faluda, pamoja na ufukwe ambao haukutikisika. Na shemegi yangu, mpiga udi, nyuzi za udi wake zinaonekana mawimbi mawimbi. Je, ndiyo sura ya sauti?

JAWABU

Faluda ni neno zuri, nitaliiba. Mtetemo wa mashine unaitikisa simu mara nyingi ndani ya muda wa kusoma picha moja, kwa hivyo mistari ya juu imesogea kushoto, ya katikati kulia, ya chini kushoto tena, na ufukwe mzima unajipinda. Usiiegemeze simu kwenye ubavu wa boti. Ishike kwa mikono miwili, viwiko visigusane na kitu, mwili wako umeze mtetemo.

Nyuzi za udi, hapana, si sura ya sauti. Uzi unaotetemeka kwa kweli unavimba na kurudi kama kamba ya kuruka ya watoto. Kama unatetemeka mara 110 kwa sekunde, katika milisekunde 20 utakwenda na kurudi mara mbili na ziada, na uzi uliowekwa ukavukana na mistari ya kihisi utachorwa na mawimbi mawili na ziada. Ukiukaza uzi yatazidi, ukiulegeza yatapungua, kwa hivyo kuna ukweli fulani ndani yake. Ila mwambie shemegi yako asiutunie udi kwa simu.

SUALI (Jang'ombe, Unguja)

Ninunue kamera gani iondokane na haya yote?

JAWABU

Ipo. Novemba 2023 Sony ilitangaza α9 III, kamera ya kwanza ya aina yake yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35 ambacho pikseli zake zote huanza na kumaliza kukusanya mwanga kwa pamoja. Fimbo inatoka fimbo, rafadha inatoka rafadha. Ilitoka kwa dola za Marekani 5,999 bila lenzi, na kwa vile kila pikseli imelazimika kuwa na ghala lake dogo la kuhifadhia shehena ikisubiri kusomwa, nafasi ya kupokea mwanga imepungua, na unyeti wake wa chini kabisa unaanzia ISO 250 badala ya 100 iliyozoeleka. Kwa anayepiga picha za michezo kwa kulipwa, ni ununuzi wenye maana. Kwa mtu anayetaka picha za resi za ngalawa na za watoto wanaoruka baharini pale Forodhani, mimi nisingeuza kiwanja.

Jaribu kwanza video ya mwendo wa polepole iliyomo ndani ya simu yako. Simu inayorikodi picha 240 kwa sekunde haina hiari: kila picha lazima iwe imemalizika kusomwa kabla ya inayofuata, yaani ndani ya milisekunde 4 na kidogo. Ubora wa picha utashuka, na utahitaji jua la kutosha, lakini umeupata wepesi wa pazia la chuma bila kutoa senti. Chagua picha moja kutoka kwenye video hiyo uihifadhi. La pili, kifuate kinachokwenda kwa kuizungusha simu pamoja nacho. Kinachosumbua ni mwendo wa sura juu ya kihisi, na ukikiweka katikati ya kioo hakitajua kama kinakwenda. Nyuma yake majengo yatalala, kama watazamaji wa Lartigue. La tatu, rudi nyuma hatua kadhaa, kwani ngalawa iliyo mbali inasogea kidogo ndani ya picha hata kama inakata maji kwa kasi ile ile.

Programu za kunyoosha picha zinaweza kusaidia pale kilichotikisika ni simu yenyewe, kwa sababu simu ina kifaa kinachoandika ilivyogeuka na wakati gani. Panga la ndege halina kifaa hicho, na aliyetuandikia kutoka Chake Chake asitumie fedha zake huko. Amngoje shangazi arudi, asimame pale pale, aiweke simu kwenye mwendo wa polepole.